Kaka amemletea mama unga wa mitishamba wa kurudisha kumbukumbu: je, aache dawa za presha?

Mama Mfamasia,

Shikamoo. Mimi ni binti wa pili katika familia ya watoto wanne, na ninaishi Tanga pamoja na mama yetu mwenye umri wa miaka 74, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Ana presha na kisukari kwa miaka mingi. Kila siku humeza vidonge vya presha, metformini kwa ajili ya sukari, na aspirini ndogo aliyoandikiwa na daktari ili damu isigande. Usiku humeza pia piriton moja, wakati mwingine mbili, kwa sababu ngozi humwasha na anasema bila hiyo hapati usingizi. Hiyo tunainunua wenyewe duka la dawa.

Tangu mwaka jana ameanza kusahau. Mchuzi hutiwa chumvi mara mbili. Anaweza kuswali Adhuhuri, akakaa kidogo, kisha akainuka kwenda kutawadha ili aswali tena, na nikimwambia kwamba ameshaswali huona haya, akanyamaza. Majina ya wajukuu anayachanganya, na televisheni anaifungulia sauti hadi majirani wanaisikia. Mwezi uliopita alipotea njia akitoka sokoni, kwenye soko alilolizoea miaka yote, akarudishwa nyumbani na kijana wa bodaboda anayemfahamu.

Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam na ndiye anayebeba gharama nyingi za mama, amemletea makopo matatu ya unga wa mitishamba alioununua kwa mtu aliyempata kwa simu. Kwenye kopo imeandikwa kwamba una ginko, manjano, pilipili manga na mlonge, kwamba ni "asilia asilimia 100, hauna madhara", na kwamba "hufufua seli za ubongo". Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna tarehe, wala kiasi cha kila kitu kilichomo. Imeandikwa tu vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Muuzaji amemwambia kaka kwamba dawa za hospitali ndizo zinazoharibu kumbukumbu, hivyo mama aache vidonge vyote kwa mwezi mmoja ili unga ufanye kazi vizuri. Kaka ameamini, tena anasema amesoma kwamba dawa za kusahau zinazotumika Ulaya zilitoka kwenye mimea. Nikipinga anaona ninamdharau, na mama mwenyewe anasema hawezi kukataa kilicholetwa na mwanawe. Hajaanza kuutumia, kwa kuwa nimewaomba wasubiri kwanza.

Naomba unieleze ukweli. Je, upo mmea unaorudisha kumbukumbu? Mama aanze unga huu? Na kaka nimwambieje?

Binti wa Pili, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nianze na lile lisilosubiri: mama asiache vidonge vya presha wala vya sukari, hata kwa siku moja, kwa agizo la mtu anayeuza unga kwa simu, na makopo hayo yasifunguliwe mpaka daktari wake ayaone. Umefanya vyema kuwazuia.

Kaka yako si mjinga, na ni vizuri uanze kwa kukiri hivyo, kwa sababu jambo moja alilolisema ni la kweli. Miongoni mwa dawa chache ambazo madaktari huandika kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, imo galantamini, ambayo asili yake ni ua dogo jeupe liitwalo Galanthus, linalochanua mwishoni mwa majira ya baridi huko Ulaya ya mashariki na Caucasus. Wataalamu wa Umoja wa Kisovieti na wa Bulgaria waliichambua na kuifanya dawa katika miaka ya 1950, ikatumika kwanza kwa udhaifu wa misuli na kwa watu waliobaki na ulemavu wa polio, na mwaka 2001 ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa Alzheimer walio katika hatua ya mwanzo na ya kati. Dawa ya pili, rivastigimini, ilitengenezwa maabara kwa kufuata mfano wa kemikali iliyomo ndani ya harage la Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria. Harage hilo lilikuwa sumu ya kiapo: mshukiwa alinyweshwa, akitapika akapona alihesabiwa hana hatia, na akifa hukumu ilikuwa imepita. Mwaka 1855 daktari wa Edinburgh, Robert Christison, alilijaribu kwa kulitafuna mwenyewe na nusura limuue, na mwaka 1864 wakemia wa Ujerumani wakafaulu kuitenga kemikali yenyewe.

Ninayasimulia haya kwa sababu kaka yako amebeba nusu ya habari. Baina ya ua lile na kidonge cha leo kuna miongo ya kazi ya kujua ni kemikali ipi hasa inayofanya kazi, ni miligramu ngapi zinazofaa, ni ngapi zinazodhuru, na ni nani asiyepaswa kuigusa. Galantamini huanzishwa kwa miligramu 8 tu kwa siku, na haipandishwi kabla ya wiki nne kupita, kwa sababu huleta kichefuchefu na kutapika, na inaweza kupunguza mapigo ya moyo, hasa kwa mtu anayetumia baadhi ya dawa za presha. Na baada ya uangalifu wote huo, faida yake ni ya kiasi: humsaidia mgonjwa kubaki na uwezo wake kwa muda fulani, lakini haizuii ugonjwa wala haifufui seli iliyokufa. Ikiwa dawa iliyopimwa kwa miaka yote hiyo haithubutu kuahidi kufufua ubongo, kopo lisilo na jina la mtengenezaji limepata wapi ujasiri huo?

Sasa nisikilize kwa makini, maana katika barua yako kuna sentensi moja iliyonishtua kuliko habari ya unga. Galantamini na rivastigimini hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, ambayo ni kemikali inayopitisha ujumbe baina ya seli za neva katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu. Kwa mgonjwa wa Alzheimer kemikali hiyo hupungua, ndiyo maana dawa hizo hujaribu kuilinda ile iliyobaki. Piriton hufanya kinyume chake. Pamoja na kutuliza mwasho, huizuia asetilikolini isifike inapotakiwa kufika, na kwa mtu mwenye umri wa mama yako athari hiyo inaweza kuonekana kama usingizi wa mchana, kinywa kikavu, kufunga choo, kuyumba anapotembea, na kusahau. Kidonge kimoja kwa siku mbili za mafua ni jambo jingine. Kumeza kila usiku kwa miezi, tena wakati mwingine viwili, ni jambo ambalo miongozo ya tiba ya wazee inalikataza waziwazi. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninajua jinsi vidonge hivyo vidogo vinavyouzwa na kununuliwa bila swali.

Siwezi kukuambia kwamba piriton ndiyo iliyomfanya mama apotee njia ya sokoni. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kuondoa, kwa kuwa hakuandikiwa na mtu na mbadala upo. Ngozi ya mzee hukauka, na ngozi kavu huwasha, hivyo apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, na asitumie maji ya moto sana wala sabuni kali. Mwasho huohuo kwa mtu mwenye kisukari unaweza kutokana na fangasi au figo, kwa hiyo daktari auone badala ya kuufunika kila usiku kwa kidonge.

Turudi kwenye kopo. Ginko ndiyo iliyochunguzwa kuliko mimea yote inayouzwa kwa jina la kumbukumbu, na imechunguzwa kwa haki. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa katika makundi mawili, wengine wakapewa miligramu 120 za dondoo ya ginko mara mbili kwa siku, wengine kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa, na wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2008, waliopata demensia, ugonjwa ambao wengi wetu huuita wa kusahau, hawakuwa wachache zaidi katika kundi la ginko. Ufaransa nayo ilifuata kwa utafiti wa miaka 5 uliowahusisha watu zaidi ya 2,800 waliokuwa wamekwenda kwa madaktari wao wakilalamikia kusahau, na mwaka 2012 ikatoa jibu lilelile. Ongeza juu ya hapo kwamba ginko huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia kuganda, na mama yako yumo katika kundi hilo.

Kuhusu manjano nitakaa kidogo, kwa sababu ni kiungo cha jikoni kwetu na watu hukiamini. Kemikali yake maarufu, kurikumini, huonyesha mambo mazuri kwenye seli za maabara na kwa panya, lakini ikiliwa, mwili hunyonya kiasi kidogo sana na kukitoa upesi. Yapo majaribio madogo kwa binadamu. Moja la Los Angeles, lililotangazwa mwaka 2018, lilikuwa na watu 40 wasio na demensia, wengine wakitumia kwa miezi 18 kurikumini iliyotengenezwa mahususi ili inyonywe vizuri, wengine kidonge kisicho na dawa, na kumbukumbu za waliotumia kurikumini zikaonyesha nafuu. Majaribio kwa watu ambao tayari wana Alzheimer hayakuona faida. Watu 40 wanatosha kumfanya mtafiti aendelee kuuliza, lakini hawatoshi kumfanya mtu alipie makopo matatu. Pilipili manga imetiwa humo kwa sababu huongeza unyonyaji wa kurikumini, na ni kweli huongeza, ila hubadilisha pia jinsi mwili unavyozishughulikia dawa nyingine. Katika miaka ya karibuni madaktari wa Italia na Marekani wameripoti watu walioumia ini baada ya kutumia manjano ya kiwango kikubwa kama dawa. Na unga wa manjano usiojulikana ulikotoka una hatari ya pekee: watafiti waliofuatilia watu wenye madini ya risasi mengi katika damu huko Bangladesh waligundua kwamba manjano yalitiwa rangi yenye risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu ya ubongo. Manjano ya kwenye mchuzi, uliyoyanunua mazima ukayatwanga mwenyewe, hayana neno. Mama aendelee kuyala kwa raha zake.

Mlonge ni mboga nzuri. Akitaka majani yake apikiwe kama mboga nyingine, lakini unga wake kwa vijiko, juu ya metformini na vidonge vya presha, unaweza kuchangia kushusha sukari au presha, na sukari ikishuka mno mzee huchanganyikiwa palepale.

Hilo linanirudisha kwenye agizo la kuacha dawa, ambalo kwangu ndilo kosa kubwa la muuzaji huyo. Presha iliyoachwa bila kudhibitiwa huiumiza mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, na kumbukumbu huondoka pamoja nayo, mbali na hatari ya kiharusi. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotangazwa sehemu yake ya kumbukumbu mwaka 2019 na kuhusisha watu zaidi ya 9,300 wenye presha, uliona kwamba walioshushiwa presha, kwa namba ya juu ya kipimo, chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19 pungufu kuliko walioachiwa chini ya 140. Watu wenye kisukari hawakuwemo katika utafiti huo, kwa hiyo kiwango cha mama akiweke daktari wake. Lakini ukitaka kuona kitu chenye ushahidi wa kulinda ubongo ndani ya nyumba yenu, ni kile kidonge cha presha ambacho kaka anaambiwa akiondoe.

Wengi watakuambia kwamba kusahau ni uzee tu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi kijiji kwa kijiji, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba waliokuwa na demensia walikuwa kiasi cha asilimia 6.4. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi hawana ugonjwa huu, na mzee anayepotea njia aliyoizoea anastahili kuchunguzwa. Mpelekeni Bombo, ambako ndiko kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, au mwanzie kituo anakochukulia dawa zake. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, ulizeni mapema. Beba dawa zote anazomeza, piriton ikiwemo, pamoja na kopo moja la unga. Andika kabla ya kwenda mambo kama yale uliyoniandikia, la chumvi, la swala na la sokoni, kila moja na lini lilianza, kwa sababu mama mbele ya daktari atajikaza na kusema hajambo.

Omba apimwe vitamini B12, maana metformini ikitumika kwa miaka mingi huishusha, na upungufu wake peke yake huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Apimwe tezi ya shingo, wingi wa damu, figo, sukari na presha, na aulizwe pia kuhusu huzuni, kwa sababu sonona ya mzee mara nyingi hujificha ndani ya kusahau. Kisha masikio. Televisheni inayosikika kwa majirani inasema jambo. Asiyesikia vizuri hakumbuki alichoambiwa kwa kuwa hakikumfikia, na polepole hujitenga na mazungumzo. Tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 iliutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa visababishi 14 ambavyo, vikishughulikiwa tangu ujana hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Huenda ni nta tu iliyoziba, huenda akahitaji kifaa cha kusikilizia.

Ikithibitika kuwa ni demensia, bado lipo la kufanya. Hukohuko Hai wazee wenye ugonjwa huu walikusanywa katika vikundi vidogo vya mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuchangamsha akili, na hali yao ikaonekana kupata nafuu. Mwalimu mstaafu anaweza kupewa kazi ya kumsikiliza mjukuu akisoma, bila kuhojiwa kama yuko kwenye mtihani. Na kuhusu swala, usimsahihishe baada ya kuinuka. Mtafutieni utaratibu unaomlindia heshima, kwa mfano kugeuza kadi ndogo ukutani kila anapomaliza swala, aigeuze yeye mwenyewe.

Kwa kaka, usiende na hoja ya kumshinda. Mpigie simu mkiwa wawili, si kwenye kundi la familia, umwambie hivi: "Kaka, ni kweli baadhi ya dawa za kusahau zimetoka kwenye mimea, na nimeelezwa vizuri zilivyopatikana. Ila mama anatumia aspirini, na ginko ikichanganyika nayo inaweza kumtoa damu. Naomba uwe wewe wa kuongea na daktari siku tutakayompeleka, umuulize kuhusu unga huu." Mpe yeye nafasi ya kuuliza, kwa sababu jibu la daktari akilisikia kwa masikio yake halitakuwa ushindi wako. Fedha ambazo angenunulia makopo mengine ziende kwenye vipimo na masikio. Mama naye mwambie kwamba zawadi ya mwanawe haijakataliwa, inasubiri daktari.

Mpaka siku hiyo ifike, kuwa macho kwa yafuatayo: akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa chache au siku mbili tatu, akiwa na homa au maumivu ya kukojoa, akitokwa jasho na kutetemeka, mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukilegea, au akianza kusinzia na kuumwa kichwa baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa zilizopita. Lolote kati ya hayo likitokea, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba anatumia aspirini.